Uzoefu wangu na Composer: kofia, kiwimbi na asubuhi moja ya Kibirizi bila risiti

Nimeitumia Composer, programu inayosimamia pakeji (vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine) za PHP, lugha ya kuandikia programu, kwa miaka sita sasa nikiwa Mwanga, mjini Kigoma. Maoni haya yanahusu sehemu moja tu ya programu hiyo, yaani namna inavyomwezesha mtumiaji kueleza ni matoleo yapi ya pakeji anayoyakubali na yapi anayoyakataa. (Nasema pakeji kwa makusudi, kwa sababu ukitaja kifurushi huku kwetu msikilizaji hufikiria bando.)

Masharti yako unayaandika katika faili la composer.json, kisha programu yenyewe inaandika katika composer.lock toleo kamili lililochaguliwa kwa kila pakeji. Tofauti ya mafaili hayo mawili nilichelewa sana kuielewa, na gharama yake niliilipa mbele za watu.

Kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, kilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kurekodi uzito na malipo, na kutoa risiti za PDF. Kwenye sharti la pakeji inayotengeneza risiti niliandika >=1.0, nikiamini kwamba toleo jipya halina budi kuwa bora kuliko la zamani. Jioni moja nilitaka kuongeza pakeji ndogo ya kutuma SMS, nikaingia kwenye seva na kuandika composer update bila kutaja jina la pakeji yoyote. Amri hiyo isipotajiwa jina hupitia masharti yote upya na kuchukua matoleo mapya kadiri masharti yanavyoruhusu. Kwa kuwa >=1.0 haina ukomo wa juu, toleo la 2.0 liliingia, nalo lilikuwa limebadilisha jina la fankisheni niliyoitegemea. Asubuhi mitumbwi ilirudi, dagaa wakapimwa, na kila aliyebonyeza kitufe cha risiti alipata ukurasa mweupe. Mama mweka hazina akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, kisha akasema, "Mwanangu, njoo uitazame mashine yako, watu wamesimama hapa na ndoo zao." Risiti ziliandikwa kwa mkono hadi saa tano, nilipofanikiwa kurudisha composer.lock ya zamani kutoka Git, programu inayotunza historia ya mafaili, na kuandika composer install, amri ambayo haichagui chochote bali husakinisha matoleo yaleyale yaliyokwisha kuandikwa humo.

Composer haikuwa na kosa, kwani ilitekeleza nilichokiandika. Tangu siku hiyo, update naifanya kwenye kompyuta yangu tu, kwanza kwa --dry-run ili nione kitakachobadilika, na seva huipa install peke yake.

Alama ninayoipenda katika masharti ni kofia (^). Ukiandika ^1.4, unakubali toleo lolote kuanzia 1.4.0 hadi kabla ya 2.0.0, na composer require huiweka alama hiyo bila kuombwa. Inategemea ahadi ya mtunzi wa pakeji kwamba hatavunja kilichokuwa kikifanya kazi bila kupandisha namba ya kwanza. Ahadi hiyo haipo kwa matoleo yanayoanza na sifuri, kwa hiyo ^0.3 huishia kabla ya 0.4.0, jambo ambalo naliona ni la busara sana.

Kiwimbi (~) ndicho kinachonichosha. Andiko la ~1.4.2 huishia kabla ya 1.5.0, lakini ~1.4 huruhusu hadi kabla ya 2.0.0, ilhali npm, programu ya aina hiyohiyo upande wa JavaScript, husoma ~1.4 kuwa inaishia kabla ya 1.5.0. Anayefanya kazi pande zote mbili, kama mimi, ni rahisi kujichanganya, nami nimeacha kukitumia kabisa.

Sharti linaweza pia kuhusu PHP yenyewe. Kompyuta yangu ina 8.3 na seva ya mteja ina 8.1, hivyo Composer ilikuwa ikinichagulia pakeji ambazo seva inazikataa. Niliweka 8.1.0 kwenye kipengele cha platform ndani ya config ya composer.json, na tatizo likaisha. Masharti yanapogongana, ujumbe wa kosa huwa mrefu na wa kuchosha macho, lakini amri ya composer why-not, ukiipa jina la pakeji na toleo unalolitaka, hukutajia ni nani hasa anayezuia.

Toleo la 2.0 la Composer yenyewe, lililotoka Oktoba 2020, lilipunguza sana kumbukumbu ya kompyuta (RAM) inayotumika wakati wa kutafuta matoleo, na laptopu yangu ya zamani ilinusurika kwa hilo. Pakeji zilizokwisha kupakuliwa huhifadhiwa pia, kwa hiyo mradi wa pili hauli bando upya. Naipa nyota nne kati ya tano, na moja iliyopungua ni ya kiwimbi.

Pakeji ya risiti sasa imeandikwa ^1.4. Toleo la 2 nitalihamia siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani na mzani wa Kibirizi hauna foleni.