Legoland Windsor bila gari, na mtoto wa miaka mitatu

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina sufuria wala blenda mezani. Leo nachambua safari: Woolwich, hapa London, mpaka Legoland Windsor, ile bustani ya michezo ya vitofali vya Lego, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, treni na basi tu, mimi na binti yangu wa miaka mitatu. Wengi mmeniuliza kama inawezekana kwa mtu asiye na gari. Inawezekana. Ila kuna kitu kimoja kimenitia adabu, mnakiona hapo nyuma yangu, tutakifikia.

Njia kwanza. Tumepanda Elizabeth line, treni inayokatiza London, pale Woolwich, ile inayokwenda Reading, tukashuka mji wa Slough. Hubadilishi popote, unakaa kama saa nzima hivi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hakatiwi tiketi. Wewe mkubwa gusa kadi ya benki, usiguse Oyster, ile kadi ya nauli ya London, maana Oyster mwisho wake kituo cha West Drayton, na Slough iko mbele ya hapo. Ukifika Slough unahamia kile kitreni cha Windsor, dakika sita tu, na hujakaa sawasawa kasri la mfalme limeshatokea dirishani.

Sasa sikilizeni hili, maana hakuna aliyeniambia: treni za Elizabeth line hazina choo. Hata kimoja. Bibie ameacha pampasi juzijuzi tu, na akisema "mama, mkojo" anamaanisha sasa hivi, hajui habari za kituo kijacho. Kwa hiyo nikamvalisha pampasi ya safari. Akanuna. "Mimi si bebi." Hatujafika Paddington akaitumia, akaniangalia, nikamwangalia, tukaendelea kuhesabu vituo. Wenye watoto wa umri huu, bebeni hiyo pampasi hata kama mmeshatangaza kwa ndugu wote kwamba mtoto amekua.

Windsor mjini mpaka Legoland ni kama maili mbili, na mtoto huwezi kumtembeza, unapanda basi. Nauli za mabasi England zimewekewa kikomo, mkubwa halipi zaidi ya pauni 3 kwa safari moja, ni tangu Januari 2025. Hapo kwenye basi ndipo kigari cha kusukumia mtoto, hiki kilicho nyuma yangu, kilipoamua kuniumbua. Ile nafasi ya mbele ni ya mwenye kiti cha magurudumu kwanza. Akiingia yeye, wewe unakunja kigari, na ni haki yake kabisa. Akaingia mzee mmoja. Mimi mtoto mkono wa kushoto, mkoba begani, mkono wa kulia nabonyeza kitufe. Boksi la kigari hiki limeandikwa kinakunjwa kwa mkono mmoja. Mkono mmoja wa nani? Nikabonyeza, nikavuta, nikapiga teke kwa siri. Mzee ananiambia polepole binti, hakuna haraka, na basi zima linanitazama. Mpaka dada mmoja akaniomba mtoto amshike ndipo kikakubali. Kampuni siitaji, lakini nilikinunua kwa ajili ya siku hii hasa.

Tiketi. Nunua mtandaoni mapema, getini ni ghali zaidi. Angalia na kalenda yao, hawafungui kila siku, na sehemu kubwa ya majira ya baridi wamefunga. Mtoto aliye chini ya sentimita 90 anaingia bure. Wangu ana 93. Nimempima mlangoni pa jikoni mara tatu, nikitumaini labda amesimama vibaya. Sentimita tatu zimenigharimu tiketi nzima.

Mkishaingia, jueni mko juu ya mlima. Zamani hapa palikuwa Windsor Safari Park, mbuga ya wanyama ya kupita na gari, na Legoland ikafunguliwa 1996 kwenye mteremko uleule. Lango liko juu, michezo mingi iko bondeni. Asubuhi mnateremka mnacheka. Jioni mteremko huohuo unakudai. Kuna kitreni cha kupandisha watu, Hill Train, na ukiona foleni yake fupi ingia bila kujadiliana na mtu.

Ushauri wangu, na mtanisamehe wenye kupenda kumaliza kila kitu kwa sababu mmelipia: msizunguke. Sisi tumekaa eneo la Duplo, vile vitofali vikubwa vya watoto wadogo, karibu siku nzima. Kuna treni ya watoto, kuna mashua za Fairy Tale Brook zinazopita taratibu kando ya hadithi za vitofali, na kuna bustani ya maji ya wadogo, kwa hiyo bebeni nguo za kubadilisha na taulo. Wenye miaka 3 hadi 5 wana uwanja wao wa kujifunza udereva. Bibie alikaa ndani ya kigari kile cha umeme, akakanyaga, akagonga ukingo, akabaki hapohapo akipungia watu mkono kama waziri. Wale wakubwa wenu wanaotaka treni ya The Dragon, ile inayokuacha roho juu wewe ukiwa chini, inaanzia urefu wa mita moja, kwa hiyo sisi hata hatukuisogelea.

Miniland tulipita. Ni miji midogo iliyojengwa kwa vitofali karibu milioni 40, London nzima ipo. Mimi ningekaa saa mbili. Bibie aliona njiwa, njiwa wa kweli, akamfukuza, Miniland ikaishia hapo.

Chakula bebeni, hawakatazi. Tulikuwa na chapati za mayai, ndizi na chupa ya uji. Kitu kimoja tu nilinunua, vile vipande vya tufaha vya kukaanga vyenye mdalasini na sukari. Vizuri mno. Nililipa huku nikisema sirudii, nikarudia.

Na sasa shujaa wa siku: kanga. Hii hapa, ya "Nani Kama Mama", ilishapauka. Asubuhi ilikuwa blanketi kwenye treni. Kwenye maji ikawa pazia la kubadilishia nguo. Mchana mkeka. Saa kumi, mtoto amegoma kutembea, amegoma na kigari, nikambeba mgongoni, nikafunga, nikapandisha ule mlima mikono yote miwili ikiwa huru, nikasukuma kigari kitupu. Foleni ya basi nikaingia hivyohivyo, kigari nimekikunja mapema, hakuna aliyenitazama.

Tulitoka nyumbani saa mbili kasoro robo asubuhi, tukarudi saa moja unusu usiku. Kwa mtoto mmoja wa miaka 3 hadi 6, safari hii naipa nane kwa kumi. Watoto wawili wadogo na wewe peke yako, hapana, mtafute shangazi mlipie nauli. Na siku za likizo za shule foleni zinakula muda wa mtoto wa rika hili, nendeni katikati ya wiki.

Kigari nakipa mbili. Nakiuza, boksi lake lipo. Gurudumu la kushoto linalia kidogo, na kukikunja, mje wawili.