Ngome ya Amu kama ukumbi wa mji: inafaa kwa nini, na mkono wako unahitajika wapi

Uliza Amu (ndiyo Lamu) mjini ni wapi pa kukusanya watu wengi pamoja, na utaelekezwa Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji. Ngome iko pale pale, soko ubavuni, Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hatua chache mbele yake. Mgeni huiingia kama makumbusho, akatazama maonyesho ya mazingira, akapanda juu kuuona mji, akaenda zake. Mwenyeji anaijua kwa kazi nyingine: harusi, mikutano, maonyesho, maktaba. Tathmini hii ni ya Ngome hiyo ya mwenyeji.

Ujenzi ulianza 1813, baada ya Vita vya Shela ambavyo watu wa Amu waliwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa, ukakamilika 1821 kwa msaada wa Waomani. Wakati huo maji ya bahari yalifika karibu yake. Majumba yanayoitenga na gati leo yamejengwa juu ya ufuo uliojazwa baadaye. Walikaa humo askari wa Kibaluchi. Kisha ikawa gereza, tangu 1910 hadi 1984, miaka sabini na nne. Ilipokabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikakarabatiwa kwa msaada wa Uswidi, uamuzi uliofanywa ulikuwa wa busara kubwa: jumba lisiwe la kutazamwa tu, liwe pia ukumbi wa watu wa mji. Uga ule ule waliofungiwa watu sasa hupigwa vugo, ngoma ya harusi ya kina mama.

Kwa shughuli ya jioni, uga wa kati hauna mshindani mjini. Kuta ndefu huwapa kina mama faragha ambayo kiwanja cha wazi hakiwezi kuwapa, na hilo kwa harusi ya Amu ni jambo la kwanza. Mchana wa kaskazi, hata hivyo, joto hukaa humo kama ndani ya chungu. Panga kuanza baada ya alasiri au baada ya isha. Misikiti iko karibu kila upande, kwa hiyo ratiba iandikwe kwa nyakati za swala, na anayeshika kipaza sauti aambiwe mapema anyamaze saa ngapi. Spika kubwa hazisaidii. Sauti hugonga ukuta wa jiwe na kurudi, maneno yakavurugana. Spika mbili ndogo zilizowekwa chini na kuelekezwa kwa watu, si kwa ukuta, husikika vizuri zaidi.

Viti, masufuria na maturubai vyote huja kwa punda au mkokoteni, maana gari halipiti katika vichochoro vile. Vifike asubuhi, kabla soko halijafurika. Chakula kipikwe nje. Seredani, yaani jiko la makaa, ikiwekwa karibu na ukuta moshi wake hutia weusi, na samli ya biriani ikishaingia katika chokaa haitoki kwa sabuni yoyote. Mapambo yafungwe kwa kamba kwenye nguzo. Msumari mmoja tu hubandua kipande cha lipu kama sahani, na hapo ndipo mtu atatafuta simiti ya kuziba. Ghorofa ya juu hufikiwa kwa ngazi, basi wazee na wenye miguu mizito wakalishwe chini. Ada na nafasi huulizwa ofisini humo humo, mapema, hasa karibu na Maulidi ya Mfungo Sita na tamasha la utamaduni la Novemba, siku ambazo mji hujaa.

Maktaba inastahili sifa yake peke yake. Ina mashairi ya Kiswahili na maandishi juu ya Lamu ambayo mwanafunzi hatayapata kwa urahisi kwingine. Kijana anayetaka kujitolea na hapendi vumbi la chokaa aanzie hapo: kupangusa vitabu, kuvipa hewa baada ya masika, kuwasomea watoto.

Kazi kubwa ya msaragambo, yaani ya kujitolea kwa pamoja, lakini, ni kuta. Ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na dari ni za boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa. Chumvi hupanda nao kutoka ardhini, nyingine huletwa na upepo wa bahari. Maji yakikauka usoni mwa ukuta chumvi hubaki, ikatoa unga mweupe, na lipu ikaanza kumeguka. Simiti ikipakwa juu yake huufungia unyevu ndani. Kwa miaka michache ukuta huonekana mzuri, kisha jiwe lililo nyuma hugeuka makombo na simiti huanguka nzima nzima pamoja na uso wa jiwe. Rangi za plastiki za dukani zina kosa hilo hilo. Mwenye nia njema na mfuko wa simiti ameziharibu kuta nyingi za Amu kuliko mvua.

Jengo ni la kumbukumbu ya taifa, basi hakuna anayegusa kitu kabla fundi wa makumbusho hajaonyesha mahali. Akishaonyesha, anza kwa brashi kavu. Ndoo za maji ziwekwe kando: ukiosha, chumvi huyeyuka na kurudi ndani, ikatokeza upya baada ya wiki chache. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole, polepole, ukisikiliza. Panapolia kizito pameshika. Panapolia tupu kama nazi kavu, lipu imeachana na jiwe. Hapo bandua kwa patasi na nyundo ndogo mpaka ufike penye kushika, usiendelee kwa kuwa mkono umenogewa.

Jiwe lilowe jioni ya kabla, na tena asubuhi. Kipimo ni debe moja la chokaa iliyozimwa kwa madebe matatu ya mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa ufuoni usiooshwa unarudisha chumvi ile ile uliyoifukuza, na wa vilima vya Shela usiguswe kabisa, kwani vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji. Tabaka moja lisizidi sentimita moja. Shimo likiwa la kina, jaza kwanza kwa vipande vya matumbawe, ndipo upake. Kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, ukiyalowesha asubuhi na jioni. Jua likiwahi, lipu hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui na kazi huanza upya. Ndiyo maana siku za masika hazifai, na mchana wa jua kali haufai vilevile.

Kuzima chokaa si kazi ya watoto wala ya mtu wa mara ya kwanza. Chokaa mbichi hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo, ndani ya pipa la chuma; kumwaga maji juu ya chokaa ni hatari, hulipuka na kuruka machoni. Miwani, glavu na ndoo ya maji safi karibu. Iliyozimwa ikae chini ya maji wiki kadhaa, kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ya kupaka nyeupe huongezwa maji hadi iwe kama maziwa, mipako mitatu au minne, kila mmoja mwembamba. Mpako mmoja mzito hutoa unga kwenye kila kanzu itakayouegemea.

Nje ya lango, chini ya miti ya mikungu, kuna bao. Mashimo 32, kete 64, wazee wenye haraka na maneno makali kwa anayecheza ovyo. Anayekuja kujitolea akae kando yao alasiri baada ya kunawa chokaa. Atafute kwanza kujua nyumba, kichwa na kimbi ni mashimo gani, na kwa nini mchezo huanza na kete sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayoifuata upande wa kulia, na 22 mkononi. Asiulize wakati wa namua, hatua ya kwanza ya mchezo, kete za mkononi zinapoingizwa moja moja.