Vipande 120, na Spana Namba 15 Haimo: Mapengo ya Seti za Bei Nafuu

Karibuni, ndugu watazamaji. Hapa mezani kuna sanduku la plastiki la spana na soketi, ambalo kifuniko chake kimeandikwa kwa herufi kubwa "vipande 120", na leo nataka tulifungue pamoja tuvihesabu vipande hivyo, kwa sababu nimelitumia katika gari langu kwa muda wa kutosha kujua ni wapi linasaidia na ni wapi linamwacha mtu njiani. Nimelinunua kwa fedha zangu mwenyewe. Chapa yake sitaitaja, kwani seti za namna hii huuzwa kwa majina mengi huku vifaa vya ndani vikiwa karibu vilevile, na ninachotaka kukichambua ni mpangilio wa saizi, jambo ambalo mtalikuta katika seti nyingi za bei nafuu anazouziwa mtu anayejitengenezea gari nyumbani.

Nianze na hesabu. Biti za bisibisi ni 50, nami naziweka zote upande huu. Soketi za inchi ni 10. Funguo za aleni ni 4, na iliyo kubwa kuliko zote ina milimita 3 tu, kwa hiyo katika gari itapata kazi ndogo sana. Mikono ya racheti, virefusho, viungo vya kupinda na adapta jumla yake ni 13, kisha kuna soketi 2 za kufungulia plagi za injini. Vyote hivyo ni vipande 79. Vilivyobaki ni 41, na hivi 41 ndivyo vinavyoshika bolti na nati za milimita, ambazo ndizo zilizojaa katika magari mengi yaliyopo barabarani leo.

Sasa tazameni ninapozipanga soketi kwa mstari kuanzia namba 8, yaani ya milimita 8. Ipo 8, 9, 10, 11, 12, 13 na 14. Hapa naacha nafasi, kwa sababu 15 haipo. Ipo 16 na 17, halafu 18 haipo. Ipo 19, na ipo 20, ambayo katika miaka yangu yote ya kushika gari sikumbuki kama niliwahi kuihitaji, lakini 21 haipo, ingawa magari mengi ya Toyota yana nati za magurudumu za saizi hiyo hiyo ya 21. Baada ya hapo inakuja 22, na namba kubwa zinaendelea hadi 32. Chini yake napanga spana zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, ambazo ni 8 tu: namba 8, 10, 11, 12, 13, 14, 17 na 19. Huku 16 nayo haipo, ilhali soketi yake tumeiona. Namba 10 imo mara 4 katika sanduku hili, nami silalamiki kwa hilo, kwa sababu ndiyo inayotumika sana na ndiyo inayopotea haraka kuliko zote. Lakini 15 na 18 hazimo hata mara moja.

Mapengo haya yana asili yake, na anayeifahamu asili hiyo atajua kama seti fulani inalifaa gari lake au hailifai. Bolti ya M10, yaani bolti ambayo uzi wake una kipenyo cha milimita 10, haina kichwa cha saizi moja duniani kote. Kwa kiwango cha zamani cha Ujerumani, DIN, kichwa chake huchukua spana ya 17. Kwa kiwango cha kimataifa, ISO, huchukua 16. Katika magari ya Japani, yanayofuata kiwango cha nchi hiyo, JIS, mara nyingi huchukua 14. Bolti ya M12 nayo huwa 19 kwa DIN, 18 kwa ISO, na 17 katika magari mengi ya Japani. Ukiziweka pamoja namba za DIN ya zamani na za JIS, unapata 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19, na huo karibu ndio mstari wa spana tulizoziona sasa hivi. Kwa maneno mengine, sanduku hili linamfaa mwenye gari la Japani na mwenye gari la zamani la Ulaya, lakini mwenye gari la Ulaya la miaka ya karibuni atahitaji 16 na 18 kila mara, na 18 hataipata kabisa, huku 16 akiipata kwa soketi tu. Namba 15 ina njia yake: bolti ya M10 yenye washa iliyoungana na kichwa, ya kiwango cha DIN 6921, huchukua 15, na watengenezaji wa Marekani na Ufaransa wameitumia saizi hiyo katika sehemu nyingi.

Nieleze jinsi nilivyokutana na pengo hili kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nabadilisha pedi za breki za nyuma, kazi ambayo sanduku hili lilipaswa kuimaliza bila shida. Gari lilikuwa juu ya stendi, gurudumu limelala ubavuni, na bolti iliyoshika kalipa, yaani kibanio cha pedi, ilikuwa ya 13, saizi ambayo ninayo ya kumwaga. Niliweka soketi nikazungusha, na bolti ikazunguka, lakini haikutoka hata kidogo, kwa sababu pini ya kuteleza iliyo nyuma yake ilikuwa inazunguka pamoja nayo. Pini ile ina bapa mbili, yaani nyuso tambarare, zilizochongwa mahali pembamba, kati ya kalipa na mpira wa kuzuia vumbi, na bapa hizo zinataka spana ya mdomo wazi ya 15, tena iliyo nyembamba. Soketi haiwezi kufika pale hata ingekuwepo. Nilijaribu spana ya kurekebisha mdomo, lakini kichwa chake kilikuwa kinene mno kuingia kwenye upenyo ule. Spana niliyokuwa nayo iliyokaribia zaidi kwa upande wa juu ilikuwa ya 17, nayo ilizipita bapa bila kushika. Mwishowe nilitumia koleo, na hadi leo pini ile ina alama za meno ya koleo pembeni.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuenda dukani kununua spana moja tu. Gari ambalo ningekwenda nalo dukani ndilo lililokuwa juu ya stendi bila gurudumu. Anayefanya kazi kwenye gereji hugeuka tu akaazima kwa mwenzake, lakini anayetengeneza nyumbani yuko peke yake na lile sanduku, na kwa sababu hiyo pengo la saizi moja humgharimu zaidi kuliko linavyomgharimu fundi mwenye kabati zima la vifaa.

Kisa kile kilinifundisha kuipima seti kwa namna ambayo sioni ikielezwa kwenye vifuniko vya masanduku. Nati iliyo na bolti huhitaji vifaa viwili vya saizi moja kwa wakati mmoja, kimoja cha kuzungusha na kingine cha kuzuia upande wa pili. Kwa hiyo mimi naangalia ni saizi ngapi zina soketi na spana kwa pamoja. Katika sanduku hili, kati ya namba 8 na 19, ambazo ni saizi 12, zenye jozi kamili ni 8. Namba 16 ina soketi lakini haina spana, hivyo utaifungua bolti iliyokazwa kwenye chuma chenye uzi, ila ukiikuta ina nati nyuma yake, kwa mfano kwenye bolti za shokomzoba au za mikono ya saspensheni, utabaki unazungusha vyote viwili pamoja. Pengo la aina hii limejificha, kwa sababu mnunuzi akisoma orodha anaiona namba 16 imeandikwa na kuridhika.

Nimeona pia watu wakishauri kwamba soketi za inchi huziba nafasi zilizo wazi, na kwa baadhi ya saizi ni kweli, lakini hebu tuangalie zile zinazokosekana hapa. Soketi ya 5/8 ya inchi ina milimita 15.88, kwa hiyo kwenye nati ya 15 italegea karibu milimita nzima, na kwenye nati ya 16 haitaingia. Kwa namba 18, iliyo chini yake ni 11/16, ambayo ina milimita 17.46 na haiingii, na iliyo juu yake ni 3/4, yenye milimita 19.05, ambayo inacheza. Yaani soketi hizi 10 za inchi, ambazo zimehesabiwa ndani ya zile 120, hazizibi pengo hata moja kati ya yale yanayouma.

Na kucheza huko msikudharau. Nimefunga nati ya 16 hapa kwenye jiliwa, nami naweka spana ya 17 kwa upande wa mdomo wazi. Tazameni ninapozungusha taratibu: spana inageuka takriban nyuzi 7 kabla ya kugusa chochote, na inapogusa haigusi bapa za nati, inagusa pembe mbili tu zinazoelekeana. Nguvu yote ya mkono wangu iko kwenye ncha hizo mbili. Nati ikiwa mpya na imelegea itafunguka, lakini ikiwa imeshika kutu pembe zitalika, na baada ya hapo hata spana sahihi ya 16 haitakuwa na mahali pa kushika. Hapa ndipo pengo la sanduku linapogeuka kuwa uharibifu wa gari.

Kuna pengo jingine ambalo haliko kwenye namba za nati. Soketi zote humu zinakaa kwenye mraba wa racheti, wa robo inchi au wa nusu inchi, na ule wa kati, wa 3/8 ya inchi, haupo kabisa. Racheti ya robo inchi ni nzuri kwa bolti ndogo za vifuniko na mabomba, lakini ukiitumia kwa bolti ya 14 iliyokazwa kweli unaiweka hatarini. Ile ya nusu inchi ina nguvu, ila kichwa chake ni kikubwa, na ndani ya injini kuna sehemu nyingi ambazo haipiti. Kazi za kati, ambazo ndizo nyingi, zimeachwa bila kifaa chake. Soketi ndefu nazo zimo 6 tu, zote za robo inchi na zote zimeishia namba 13, kwa hiyo nati ya 17 au 19 ambayo uzi wa bolti umeipita juu kwa sentimita mbili haitafikiwa. Kwa upande wa biti za aleni kuna 5, 6 na 8, lakini 7 imerukwa, na pini za kalipa za magari mengi ya Volkswagen na Ford zinataka 7.

Niseme pia ninayoyapenda, kwa sababu yapo. Racheti zina meno 72, kwa hiyo zinashika kila baada ya nyuzi 5, na mahali pa finyu unaisikia tofauti hiyo mkononi. Soketi zina pembe 6 ndani badala ya 12, na hilo ni jema kwa nati zenye kutu, kwani ukuta wake hukaa kwenye bapa. Soketi ya 13 nimeifungulia bolti ngumu mara nyingi na haijapanuka wala kupasuka. Chuma chenyewe sina ugomvi nacho.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni kwamba kabla hajalipa ashike karatasi, apige magoti kando ya gari lake na kuandika saizi za bolti za breki, za magurudumu, za kumwagia oili na za saspensheni, kisha aisome orodha ya sanduku akiwa na karatasi hiyo mkononi. Kama ameshanunua seti inayofanana na hii, nafasi zake hazihitaji seti nyingine. Mimi nilianza na spana moja moja za 15, 16 na 18, kwa sababu spana huingia pasipoingia soketi, kisha nikaongeza soketi za 15 na 18, na soketi ndefu ya 21 ya nusu inchi kwa ajili ya magurudumu. Ile soketi ya plagi ya 21 iliyomo humu msiifanye mbadala wa soketi ya gurudumu: ukuta wake ni mwembamba na ndani ina mpira wa kushikia plagi.

Jambo la mwisho ni sanduku lenyewe. Kila kipande kimechongewa tundu lake, na hakuna hata tundu moja la ziada, kwa hiyo spana nilizoongeza hazina pa kukaa na kifuniko hakifungi zikiwa juu. Nimeng'oa trei nzima ya biti, nikabakiza biti kumi ninazozitumia ndani ya kopo dogo, na mahali pa trei nimeweka kitambaa kinene ambacho spana zote, za zamani na mpya, zimelala kwa mpangilio wa namba kutoka 8 hadi 19. Nafasi iliyobaki wazi ni ya 9 pekee, nayo bado sijaihitaji.