Dawa ya Kusafishia Injini: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Wanunuzi wengi huuliza dawa kali kuliko zote. Ni swali la hatari. Injini nyingi za sasa zina alumini, mipira na plastiki kila upande, na dawa kali mno huanza na grisi ikaishia kwenye vitu hivyo. Anza kwa kusoma lebo.

Ya kwanza: dawa ya maji isiyo na kostiki soda. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa karibu kila gari. Haishiki moto, huoshwa kwa maji, na unaipunguza makali mwenyewe: sehemu 1 ya dawa kwa maji 4 penye grisi nzito, 1 kwa 10 penye vumbi na mafuta mepesi, ikiwa lebo inaruhusu. Chupa ya lita 1 ikichanganywa 1 kwa 4 inatoa lita 5, na injini ya gari dogo hutumia nusu lita hadi lita 1. Ukiona NaOH (ndiyo kostiki soda) au KOH (ndugu yake, kostiki potashi) kwenye viambato, rudisha chupa. Hizo hula alumini na kuiacha na madoa ya kijivu yasiyotoka kwa kusugua.

Ya pili: dawa ya mafuta ya maganda ya machungwa. Ni nzuri kwa grisi iliyokauka kama lami, ambayo ile ya kwanza huisumbukia. Lakini hushika moto, na ikikaa muda mrefu juu ya mpira huufanya uvimbe.

Ya tatu: kopo la kupulizia lenye viyeyushi vya petroli. Linafaa doa dogo kwenye chuma, injini ikiwa baridi kabisa. Liweke mbali na mkanda wa feni.

Sabuni ya vyombo hutosha kwa injini yenye vumbi tu. Petroli usiiguse kabisa: mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi kali, na cheche moja ya betri inatosha. Mafuta ya taa huacha utando unaokusanya vumbi upya. Dawa ya oveni mara nyingi ni kostiki soda kwa jina jingine.

Dawa nzuri nayo huharibu ikitumiwa vibaya. Isipokuwa kwa kopo la kupulizia, injini iwe vuguvugu, uweze kuishika bila kuungua. Ikiwa ya moto, dawa hukauka kabla ya kufanya kazi. Chomoa waya hasi wa betri. Funika kwa mifuko ya plastiki altaneta (inayochaji betri), sanduku la fyuzi, koili za plagi na mdomo wa kuvuta hewa. Pulizia kuanzia chini kwenda juu, acha dakika 3 hadi 5 bila kukauka, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji ya msukumo mdogo. Mashine ya presha husukuma maji hadi kwenye mashimo ya plagi, na injini inaanza kumisi. Futa, ondoa mifuko, rudisha waya, washa dakika 10 hadi 15 boneti ikiwa wazi. Maji machafu yasiingie mtaroni. Yanyonye kwa mchanga au maranda.

Chungulia tena baada ya siku 2 au 3. Mafuta mapya yakionekana chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), gasketi yake imechoka: nunua gasketi kabla ya kununua chupa nyingine.