i-STAT kwa wagonjwa mahututi wa figo Lubumbashi: inasaidia wapi, inapotosha wapi

Kwa chumba cha wagonjwa mahututi, sababu ya kununua i-STAT 1 ya Abbott, kifaa cha mkononi cha kupima damu, ni potasiamu, chumvi ya damu inayopanda figo zikishindwa na inayoweza kuusimamisha moyo. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo, inaweza kusubiri labo ifunguliwe asubuhi. Potasiamu ya 7 mmol/L saa nane za usiku, umeme umekatika na mwanalabo yuko kwake mtaani Katuba, haisubiri. Kifaa hiki, kikiwa na kaseti ya CHEM8+ (kibao kidogo cha kutumika mara moja kinachojazwa damu), kinatoa sodiamu, potasiamu, kloridi, kaboni dayoksidi, kalsiamu huru, glukosi, urea, kreatinini na hematokriti (asilimia ya seli nyekundu kwenye damu) kwa dakika mbili na sekunde kadhaa. Kinahitaji mikrolita 95 tu za damu nzima, hakuna haja ya santrifuji ya kuizungusha, na betri zake mbili za volti 9 hazijali delestaji, yaani mgao wa umeme.

Kaseti ndizo zinazojali. Zinakaa kwenye frigo, nyuzi 2 hadi 8. Ikishatoka, CHEM8+ inadumu siku 14 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 30, kisha inatupwa. Hairudishwi kwenye baridi. Toeni za wiki moja tu na muandike tarehe ya kutoka juu ya kila pakiti kwa kalamu isiyofutika. Kaseti moja isubiri dakika tano kabla ya kufunguliwa, boksi zima lisubiri saa nzima. Kifaa chenyewe kinapima kati ya nyuzi 16 na 30 tu. Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, chumba kisicho na klimatizeri kinapita 30 mchana bila shida, na kifaa kinakataa kupima mpaka kipoe. Kabla ya kukinunua, wekeni kipimajoto ukutani pale mnapotaka kukitumia na mkisome saa tisa za mchana. Namba hiyo itawaambia mengi kuliko karatasi ya muuzaji.

Sasa damu yenyewe. Kwa kuwa haizungushwi, hakuna plazima, maji ya damu yaliyotengwa na seli, ya kutazama, na seli zikipasuka hamtaona rangi nyekundu ya kuwaonya. Sindano nyembamba ikivutwa kwa nguvu, kamba ya kufunga mkono ikikazwa dakika tatu, mgonjwa akiambiwa akunje na kukunjua ngumi, potasiamu inapanda bila figo kuhusika. Legezeni kamba mara damu inapoanza kutoka. Msichote kwenye mkono unaopitisha maji ya mshipani. Jazeni kaseti mpaka kwenye alama, bila kiputo, mfunge kifuniko bila kubonyeza katikati, pale damu inapoingilia.

Kuna kosa moja linaloiga ugonjwa wa figo kikamilifu. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, yenye chumvi ya potasiamu, na EDTA hiyo hukamata kalsiamu. Mtu akichukua damu humo, au akimimina kutoka humo kwenda tyubu nyingine, kifaa kitaonyesha potasiamu ya juu sana na kalsiamu huru ya chini sana, sawasawa na mgonjwa ambaye figo zimesimama. Mkiona viwili hivyo pamoja kwa mtu anayekojoa vizuri na ECG yake (mchoro wa umeme wa moyo) imetulia, rudieni kuchota kabla ya kumchoma dawa. Tumieni sindano safi na mjaze kaseti papo hapo, au tyubu ya lithiamu heparini iliyojazwa sawasawa na kupinduliwa polepole mara kumi.

Potasiamu ikiwa ya kweli na ECG imeanza kubadilika, kalsiamu glukoneti ya 10% inaingia kwanza kuulinda moyo, halafu insulini ya kawaida yuniti 10 pamoja na gramu 25 za glukosi. Hapo insulini, ambayo ni homoni, inakuwa jambo la kitandani kabisa: figo ndizo zinazoondoa sehemu kubwa ya insulini tunayochoma. Zikiwa zimelala, insulini inabaki kwenye damu muda mrefu, na sukari inaweza kuanguka saa kadhaa baadaye, wakati kila mtu anaamini hatari imepita. Pimeni sukari kila saa kwa saa sita. Msiteketeze kaseti kwa kazi hiyo, glukometa inatosha. Ila mgonjwa aliye kwenye mshtuko, mikono baridi, damu itoke mshipani, si kidoleni.

Urea inahitaji kuangaliwa siku ya kwanza kifaa kinapofika. Kikiwa kimepangwa kwa mtindo wa Marekani, kinaandika BUN, yaani naitrojeni ya urea peke yake. Labo zetu zinaandika urea yenyewe kwa mg/dL, na uwiano ni 2.14. Daktari akisoma BUN ya 40 kama urea ya 40 atasema si mbaya, kumbe urea ni karibu 86. Badilisheni mpangilio, au mbandike karatasi ya uwiano mgongoni mwa kifaa.

Kreatinini ya kaseti ni ya vimeng'enya, kwa hiyo bilirubini, rangi inayomfanya mgonjwa awe na macho ya manjano, haiivurugi kama inavyovuruga njia ya Jaffé, njia ya zamani ya labo inayotumia rangi. Hilo ni faida kubwa kwa malaria kali. Lakini msichanganye njia mbili. Mwongozo wa 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unahesabu kuumia kwa ghafla kwa figo tangu kreatinini inapopanda 0.3 mg/dL ndani ya saa 48. Kipimo cha jana kikiwa cha labo na cha leo cha kifaa, 0.3 inaweza kuwa tofauti ya mashine tu. Fuatilieni mgonjwa kwa njia moja, na mkojo upimwe kila saa. Chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwa saa sita, ni dalili tosha hata kreatinini haijasogea. Na mgonjwa wa SS (selimundu) anayemeza haidroksiurea, kreatinini na glukosi yake kwa kaseti hii zinatoka juu kuliko ukweli. Wa namna hiyo damu yake iende labo, bila mjadala. Ulizeni dawa hiyo kabla ya kufungua pakiti.

Hemoglobini inakokotolewa kutoka hematokriti, nayo inapimwa kwa upitishaji wa umeme. Mgonjwa aliyepewa lita nyingi za maji ya mshipani, protini za damu zimeshuka, ataonekana ana damu pungufu kuliko alivyo. Thibitisheni kwa njia nyingine kabla ya kuagiza damu.

Anayetaka kupima homoni asinunue kifaa hiki kwa ajili hiyo. Kortisoli, homoni za tezi na ya paratiroidi hakipimi. Kwa mahututi, T3, moja ya homoni za tezi, hushuka kwa ugonjwa wenyewe, kwa hiyo kuipima bila sababu maalumu ni kutupa pesa ya familia. Kipo kipimo cha BNP, homoni ya moyo uliolemewa, kwa kaseti yake na kwa damu ya EDTA, lakini figo zikishindwa BNP hupanda hata moyo ukiwa mzima kiasi. Laktati, asidi inayopanda kwenye mshtuko, iko kwenye kaseti ya CG4+, si kwenye hii.

Tunakipendekeza kwa chumba chenye frigo la sola na mtu mmoja aliyepewa jukumu la stoku, kwa sababu kaseti ni ghali kuliko kipimo cha labo na tarehe zake za mwisho ni fupi. Kwa kituo cha afya kinachopima kreatinini mara chache kwa mwezi, zitaharibika bila kutumika. Jambo la kumbana nalo muuzaji ni programu: ina tarehe ya kuisha, na ikipita bila kusasishwa kifaa hakipimi tena. Aandike kwenye mkataba nani atakuja kuisasisha, kwa kompyuta ya nani, na kaseti zitasafiri vipi kwenye baridi kutoka mpakani Kasumbalesa hadi mlangoni kwenu.