Fremu na lenzi za jichoni Nairobi: anza na pua

Ukiingia duka la miwani katikati ya jiji, iwe Kimathi Street au Moi Avenue, jambo la kwanza utakaloulizwa kabatini ni kama uso wako ni wa duara au wa mraba. Swali hilo huja mapema mno. Pua ndiyo inayoamua, kwa maana miwani inayoteleza haimpendezi mtu, hata iwe ya bei gani.

Fremu nyingi kutoka nje zimechongwa kwa pua nyembamba iliyoinuka. Kwenye pua pana, daraja la plastiki, ile sehemu inayokalia pua, hukosa pa kushika: fremu inashuka, inalalia mashavu, na ukicheka inapanda. Tafuta fremu ya chuma yenye pedi za pua zinazopindika, au ya asetati, aina ya plastiki, iliyoongezewa pedi. Asetati ina rangi nzuri kuliko zote na fundi huweza kuipasha moto akakunja mikono ya fremu ifuate masikio, lakini ni nzito. Zile nyepesi za plastiki ya TR90 hazivunjiki upesi, zinamfaa mtoto wa shule, ila ni ngumu kurekebisha. Isipokaa vizuri dukani haitakaa nyumbani. Chuma cha bei rahisi hufanya ukijani pale jasho linapotua, chini ya pedi na nyuma ya sikio. Titani haifanyi hivyo, na hapo bei ya juu ina sababu.

Jaribio lenyewe ni la dakika mbili. Vaa fremu, inama kama anayefunga kamba za viatu, tikisa kichwa, kisha cheka kwa meno yote. Ikishuka au ikigusa shavu, irudishe. Anayepanda bodaboda kila siku aende na helmeti yake: mikono minene hubana juu ya sikio, myembamba iliyonyooka huingia bila taabu.

Kisha soma namba zilizo upande wa ndani wa mkono, kwa mfano 52-18-140. Ni milimita: upana wa lenzi moja, upana wa daraja, na urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza upate 70, halafu ulinganishe na umbali kati ya mboni zako, ule unaoandikwa PD. Ukiwa 62, kila lenzi italazimika kusogezwa ndani milimita 4, na kwa asiyeona mbali mwenye namba ya miwani -6.00 unene wote utabaki ukingo wa nje. Mtu huyohuyo akichukua 46-18, pengo linakuwa milimita 1 tu kila upande, na miwani inatoka nyembamba na nyepesi. Ndiyo maana kuhimizwa kununua lenzi ya 1.74 (namba hii ikipanda, lenzi huwa nyembamba zaidi) kabla ya kupunguza ukubwa wa fremu ni kutumia pesa vibaya. Fremu ndogo yenye lenzi ya 1.61 au 1.67 mara nyingi inatosha. Na PD ipimwe. Isikadiriwe kwa macho.

Kwa upande wa urembo: ukingo wa juu ufuate nyusi bila kuzifunika zote, upana wa fremu ulingane na uso penye panja, na mboni ikae katikati ya lenzi au juu yake kidogo. Kwenye ngozi nyeusi, rangi ya asali, ya gamba la kobe na dhahabu iliyofifia hung'arisha uso. Nyeusi tititi hutulia tu, inamfaa asiyetaka miwani izungumze kabla yake.

Lenzi zinazogeuka rangi juani ni nzuri kwa anayetembea, lakini dereva asizitegemee, kwani kioo cha mbele cha gari huzuia miale inayozigeuza. Kipako cha kuzuia mwanga wa buluu wa simu kiache: mapitio ya tafiti ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, hayakuona kwamba kinapunguza uchovu wa macho.

Sasa lenzi za kuvaa jichoni. Karatasi ya miwani haitoshi kuzinunua. Zinahitaji mkunjo wa jicho na kipenyo, na namba yenyewe hubadilika ikizidi 4.00, kwa kuwa lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe: -6.00 ya miwani huwa karibu -5.50. Lenzi aina ya Biofinity ni ya mwezi mmoja, mkunjo 8.6, kipenyo 14.0, nayo hupitisha hewa vizuri. 1-Day Acuvue Moist ni ya siku moja, mkunjo 8.5 au 9.0, kipenyo 14.2. Kwa vumbi la Nairobi, na kwa nyumba ambazo maji hukaa kwenye mitungi, chaguo letu ni ya siku moja. Inagharimu zaidi, lakini jioni unaitupa pamoja na uchafu wake.

Ukichagua ya mwezi, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Iweke lenzi kwenye ncha ya kidole: ikisimama kama bakuli iko sawa, kingo zikitanuka kama sahani imepinduka. Ukiitoa, isugue kiganjani kwa dawa ya kusafishia lenzi hata kama chupa inasema si lazima, isuuze kwa dawa hiyohiyo, uiloweke kwa muda ulioandikwa. Usiongeze dawa mpya juu ya ya jana. Kikopo cha kuhifadhia lenzi kisuuzwe kwa dawa, kianikwe kifudifudi, kibadilishwe kila miezi 3. Maji ya mfereji, ya mtungi au ya kuoga yasiiguse lenzi kamwe: yanaweza kuwa na amiba, kidudu kisichoonekana kwa macho, inayokula konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, na tiba yake huchukua miezi. Wala usinunue lenzi za rangi kwenye vibanda vya vipodozi. Hakuna aliyekupima pale, na lenzi inayobana jicho hulinyima hewa hata ikiwa ya urembo tu.

Jicho likiwa jekundu, likiuma na kukwepa mwanga, toa lenzi mara moja. Usiitupe. Ibebe pamoja na kikopo chake siku hiyohiyo hadi hospitali yenye daktari wa macho, kama Lions SightFirst pale Loresho, Kikuyu au Kenyatta, kwa sababu maabara inaweza kupata mdudu kwenye kikopo kabla ya kumpata jichoni.