Lenzi ya mara 10: miezi minane nayo kwenye mchanga wa Lindi

Nimekuwa na lenzi ya mkononi kwa miezi minane sasa, ile inayokunjwa ikaingia kwenye kasha lake la chuma. Nimeifunga kamba ya kiatu, naivaa shingoni. Nafundisha jiografia sekondari hapa Lindi mjini, na kwa miaka mingi mzunguko wa kaboni, yaani safari ya kaboni kati ya hewa, miamba na bahari, niliufundisha kwa mishale ubaoni: wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunaagana. Lenzi hii imenibadilishia somo hilo kabisa, ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme la ununuzi, maana nilipata hasara. Ya awali niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, imeandikwa inakuza mara 30. Ilipofika kwa basi nikakuta ni ya plastiki. Katikati unaona vizuri, pembeni kila kitu kimepinda na kimezungukwa na rangi za upinde wa mvua. Muuzaji aliahidi kunibadilishia, kisha akaacha kupokea simu. Ya pili nikatafuta ya kioo, ya mara 10 tu, kwa shilingi 25,000. Namba kubwa isikudanganye: hii ya mara 10 inaonyesha mengi kuliko ile ya 30.

Kuitumia kuna namna yake. Wengi huishika mbali kama babu anayesoma gazeti, wakaona ukungu. Isogeze jichoni mpaka iguse nyusi, kisha lete kitu chenyewe karibu, kama sentimita 2 na nusu hivi. Jua liwe nyuma ya bega lako. Na mtoto asiielekeze juani hata mara moja.

Nilianza na mchanga wa hapa mjini, upande ambao Lukuledi inaingia baharini. Nilichoona ni punje angavu kama vipande vya glasi, nyingine zina manjano kidogo. Ni kwatsi, jiwe gumu ambalo mvua hailiwezi kirahisi. Punje hizo zimetoka bara, zikiwamo za kule Masasi kwenye vilima vya mawe matupu ambavyo kila msafiri wa barabara ile anavijua. Miamba ile ilipikwa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana na kuunda bara kubwa la Gondwana. Halafu jua, mvua na mizizi vikaimega, mto ukabeba.

Ndugu yangu akaniletea mchanga wa ufukwe wa Msangamkuu, kule Mtwara, kwenye chupa ya maji. Huo ni habari nyingine! Kwatsi ni za kutafuta. Kilichojaa ni vipande vya matumbawe vyenye vitundu, vigae vya kombe, na kati yake vitu vyeupe vidogo vilivyojikunja kama kilemba. Hao ni foraminifera, viumbe wa seli moja tu wanaojijengea nyumba za chokaa, chumba baada ya chumba. Nilimpa lenzi mvuvi mmoja mzee tuliyekuwa tunasubiri naye boti ya kuvukia Kitunda. Akatazama kimya muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "hivi vimejengwa. Mchanga haujikunji wenyewe namna hii."

Darasani sasa nafanya hivi. Kila meza inapata punje za Lindi, punje za Msangamkuu na kipande cha ndimu. Unadondosha tone huku jicho liko kwenye lenzi. Kwatsi inakaa tu, haina habari. Nyumba ya foraminifera inaanza kutoa viputo, kimoja, viwili, kisha mlolongo mzima, na ukingo wake unalika mbele ya macho yako. Viputo hivyo ni hewa ya ukaa. Iliwahi kuwa angani. Mvua huibeba ikawa asidi hafifu, ikalamba miamba, ikatoa kalisi ambayo mito huipeleka baharini, na viumbe kama hawa wakaifunga pamoja na hewa hiyo ndani ya chokaa. Mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya miamba yanayobeba mabara na bahari, yanapozama huishusha kwenye joto, na volkano huirudisha juu. Dunia ikipata joto miamba hulika haraka zaidi na hewa ya ukaa hupungua. Ikipoa, volkano hujaza pengo taratibu. Ndiyo sababu mojawapo kubwa bahari zetu zimebaki maji kwa mabilioni ya miaka. Sayari jirani yetu Zuhura haina bahari wala mpango huo, ukaa wake umejaa hewani, na usoni pake joto linapita nyuzi 450.

Wanafunzi wangu wananyamaza ninapowaambia kwamba sehemu ya ushahidi wa hayo ilichimbwa kwetu. Miaka ya 2000 wanasayansi, pamoja na TPDC, shirika letu la taifa la mafuta na gesi, walitoboa visima Kilwa na Lindi. Udongo wetu wa mfinyanzi haupitishi maji, kwa hiyo foraminifera wa zamani walibaki waangavu kama glasi. Kutokana na nyumba hizo, mwaka 2009 walichapisha vipimo vinavyoonyesha hewa ya ukaa ilishuka katika kipindi ambacho barafu kubwa ya Antaktika ilianza kujengeka, miaka milioni 34 hivi iliyopita. Tunapita juu ya udongo huo tukienda sokoni.

Kasoro zipo. Mara 10 haitoshi kwa foraminifera wadogo kabisa. Hao wanataka hadubini. Lenzi moja haitoshi darasa la watoto 60, nimeomba shule inunue 10. Na hewa ya chumvi ya hapa haina huruma: skrubu ya yangu imeshaanza kutu, kwa hiyo kila nikitoka ufukweni naifuta kwa maji ya mvua na kitambaa cha pamba, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Kioo chenyewe hakina mkwaruzo hata mmoja.